Kundi Bora la Maisha Yangu Liko Kwenye Karatasi ya Mama wa Watu

Kwanza kabisa: sikumpiga mtu risasi. Naanza na hilo kwa sababu rafiki yangu (simtaji, anajijua, na mdomo wake unajulikana zaidi) ameshaizungusha hadithi kwa namna yake, na sasa kila ninayekutana naye ananiuliza majeruhi anaendeleaje. Hakuna majeruhi, jamani. Aliyeumia ni mimi, na si mwilini.

Ni kweli karatasi ya shabaha haikuwa yangu. Ni kweli pia nilitoa hotuba. Hayo mengine ya kwamba nililia, ile ilikuwa baruti machoni, na hapo hatujadiliani.

Mnaonifuata mnajua nilivyowachosha na habari za kutafuta bunduki ya nusu otomatiki (inajipakia yenyewe, ila kila risasi unavuta triga upya): yenye shabaha ya uhakika, na pesa isipotee bure. Mini-14 ya Ruger niliitamani kwa wepesi na umbo lake, lakini zile za miaka ya 1970 zinajulikana: mtutu mwembamba, ukishapata moto risasi zinaanza kutangatanga. SKS ya Simonov, ya 1945, ni ngumu na haina maringo, ila ukiitaka ikupe kundi dogo, yaani matundu yaliyobanana karatasini, mtagombana. M1 Garand niliisalimia kwa heshima, maana ndiyo Jeshi la Marekani waliyoipitisha 1936 wakati wengine bado wanavuta boliti kwa mkono, halafu nikaangalia bei ya kuilisha nikaiaga. Nikaishia wanapoishia wengi, kwenye ukoo wa AR-15, uliotokana na kazi ya Eugene Stoner pale ArmaLite miaka ya 1950. (AR ni ArmaLite, wadau, siyo "assault rifle". Nimeshasema, sirudii.)

Sababu zangu nilikuwa nazo. Watengenezaji ni wengi, kwa hiyo bei zinagombana zenyewe na vipuri havikusumbui. Tena ni rahisi kuipata yenye mtutu unaoelea: ule mkono wa mbele, pale unapoishikia, unafungwa nyuma tu, hauugusi mtutu popote, hivyo hata ukiulaza kwenye mfuko wa mchanga hausukumi chochote pembeni. Mtutu mzuri, triga isiyokwaruza, na risasi inayopatana na msokoto wa mtutu (ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi). Shabaha inanunuliwa hapo. Mikono ya kubadilisha rangi na vitaa vya pembeni ni mapambo.

Basi, mzee mmoja alikuwa anauza yake. Kaliba ya .223, mtutu wa inchi 20, msokoto wa mzunguko mmoja kila inchi 8, na juu yake darubini inayokuza kutoka mara 6 hadi mara 24. Kwa maandishi, ndiyo hasa niliyokuwa naiota. Tukakubaliana niijaribu uwanja wa shabaha, mita 100, ndipo tuzungumze bei.

Sasa mbinu yangu ya kununua ni moja: sisifii. Nikaingia uwanjani na sura ya mtu aliyeletewa kitu kibovu. Nikaizungusha, nikaguna. Nikachungulia chemba, nikaguna tena. Nikamwambia, "Mzee, msokoto wa 8? Mimi nilizoea 7." Sijazoea chochote. Mzee akanitazama tu, akasema, "Mwanangu, darubini nimeisawazisha kwa mita 100, usizungushe kitu. Ila anza na ukuzaji mdogo, uione namba ya mstari wako, ndipo uvute."

"Najua, mzee."

Nikavuta hadi 24 papo hapo.

Kwa wasiojua: ukikuza kiasi hicho, dunia inabaki tundu dogo. Unaona karatasi moja, imejaa machoni, duara jeusi limetulia katikati kabisa. Namba iko juu ya fremu, huioni. Mstari wangu, yaani nafasi yangu ya kupigia na karatasi yake, ulikuwa wa nne. Mimi nilikuwa nimeshausogeza mfuko wa mchanga ili nikae kwa raha, na bunduki ikasogea nao, kidogo tu. Kwenye mita 100, kidogo tu ni jirani.

Rafiki yangu alikaa kwenye darubini kubwa ya kuangalizia. Yeye aliielekeza mstari wa nne, kama binadamu wa kawaida. Mimi nikatangaza kanuni kwa sauti, na mashahidi wapo: "Napiga tano. Anayepiga tatu hajapima, anajibembeleza. Kisha tunapima kundi kwa dakika ya pembe, sehemu ya 60 ya digrii. Kwa mita 100 ni kama sentimita 2.9. Ikizidi hapo, mzee, tutazungumza kwa masikitiko."

Ya kwanza. Triga ikakatika safi, bega likaguswa tu, nikajua imekwenda nilikotaka.

"Hakuna," akasema rafiki yangu.

"Hakuna nini?"

"Hakuna tundu."

Kwenye darubini yangu sikuona kitu pia, lakini duara jeusi humeza matundu madogo, ndiyo maana mtu analeta mwangalizi. Nikasema ni mtutu wa baridi, ya kwanza huwa inapotea. Hupotea kwa sentimita, siyo kwa karatasi nzima, lakini hakuna aliyenibishia.

Ya pili. Safi vilevile.

"Hakuna."

"Ni hizi risasi." Zilikuwa za mashindano, zenye uzito wa punje 69 (punje ni kipimo cha uzito wa risasi), amezinunua mzee mwenyewe kwa ajili yangu. Nikaiinua moja, nikaikagua mwangani. Sijui nilitegemea kuona nini.

Ya tatu. "Hakuna." Mzee akasogea, akainama usawa wa sikio langu. "Kijana, hebu simama kwanza." Hapa nawaomba mtulie mnisikilize: huyu mzee alishajua. Angalia ukarimu wake. Alitaka kuniokoa, mbele ya watu, bila kelele. Na mimi nikainua kidole kimoja bila hata kuondoa jicho kwenye darubini. "Mzee. Kundi ni risasi tano."

Ya nne. "Hakuna, na karatasi bado inang'aa."

Ya tano nilipiga kwa hasira, na hata hivyo nilihisi imekwenda vizuri kuliko zote. Nikanyanyuka taratibu, nikavua vifunika masikio, nikamwambia mzee kwa upole wa daktari anayeleta habari mbaya: "Hii mtutu wake umekwisha. Nitakupa nusu bei, na hapo nakusaidia."

Mzee akanyamaza.

Jirani yangu, mstari wa tano, alikuwa mama mmoja mtu mzima na Ruger 10/22 yake, ile ndogo ya .22 iliyotoka 1964 na bado inauzwa. Muda wote huo alikuwa anatungua zake polepole, hana darubini ya kuangalizia, hana presha. Msimamizi akapiga filimbi: magazini nje, chemba wazi, kibendera ndani yake kuonyesha haina risasi, mikono mbali na meza. Tukatembea kwenda kwenye shabaha.

Yangu ilikuwa safi. Ungeweza kuandikia barua.

Kisha mama akapiga ukelele. "Jamani njooni! Njooni mwone!" Tukaenda. Katikati kabisa ya duara lake palikuwa na matundu matano yamebanana, mawili yameshikana. Chini yake kulikuwa na mengine, yametawanyika. Mama anashika kifua, anasema tangu aanze hajawahi.

Hapa, ndugu zangu, palikuwa na njia nyingi za kuondoka. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kupongeza kwa mbali. Badala yake nikaingiza mkono mfukoni nikatoa kalipa yangu ya kidijitali, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo, niliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo, nikasema, "Mama, ruhusu tupime kitaalamu."

Nikapima, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu lililo mbali zaidi. Nikarudia. Nikageuka kwa hadhira, maana sasa ilikuwa hadhira, na nikasema, kwa sauti ile ile ambayo rafiki yangu sasa anaigiza kila mahali: "Sentimita 2.3. Sifuri nukta nane ya dakika. Kwa .22!"

Watu wakapiga makofi. Nikamweleza mama kwa nini amepiga vizuri (pumzi yake, nilisema, pumzi imetulia). Kisha nikamgeukia mzee. "Umeona, mzee? Bunduki ndogo ya mazoezi. Yako na darubini yote ile haikugusa hata karatasi. Thamani ya pesa ndiyo hii hapa." Nikaigonga karatasi ya mama kwa kidole. Nilikuwa nagonga matundu yangu mwenyewe.

Kabla hamjaniuliza nilikosaje kuyatofautisha: risasi ya .22 na ya .223 zina kipenyo karibu sawa, hazifiki milimita 6. Karatasi haikuambii ni nani aliyepita.

Msimamizi alikuwa amekaza macho kwenye ile karatasi. "Mama, ulipiga ngapi?"

"Magazini moja, baba. Kumi."

Akatoa kalamu, akaanza kuhesabu kwa ncha yake, bila haraka, tundu moja baada ya jingine. Yale ya chini yakaisha kwenye kumi. Kalamu ikapanda juu. Kumi na moja. Kuna mtu nyuma yangu akavuta pumzi. Kumi na mbili. Nikaanza kuuhisi uso wangu. Kumi na tatu. Rafiki yangu akatoa simu. Kumi na nne. Nikasema, na sijui ni nani aliyenituma, "Labda karatasi ni ya zamani."

"Nimeibandika mwenyewe asubuhi hii," akasema mama.

"Kumi na tano," akasema msimamizi.

Magazini ya 10/22 ni ya duara, inabeba kumi, haina mahali pa kuficha nyingine tano. Kila kichwa pale kikageukia karatasi ya mstari wa nne, nyeupe na nyeusi, haina doa. Kisha vyote vikanigeukia mimi, na kalipa mkononi, bado inasoma 2.3.

Mzee hakucheka. Afadhali angecheka. Alisogea taratibu akaniuliza, "Umesema sentimita ngapi?"

"Mbili nukta tatu, mzee."

"Na kwa dakika?"

"Sifuri nukta nane."

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Masikio yangu bado yamefunikwa."

Nikasema kwa nguvu.

Yaliyofuata ni mafupi. Nusu bei ilikufa palepale. Punguzo dogo ambalo mzee alishaniahidi kwenye simu nalo likafa, kwa sababu, kama alivyoeleza mbele ya wote, bunduki yake imepimwa na mtaalamu. Nikalipa bei kamili, na risasi tano nilizotumia nikazilipia kando. Msimamizi akanisomesha habari ya kuhakikisha namba ya mstari kabla ya kugusa triga, nikaitikia ndiyo kila sentensi. Mama alinihurumia, akanipa maji, akaniambia na mimi pumzi yangu imetulia.

Na nyinyi mlioanza kuandika kwamba kundi moja la risasi tano halithibitishi kitu: najua, bado nitapiga makundi ya risasi kumi, na nitayapiga kwenye karatasi yangu. Kwa sasa bunduki ninayo, ni nzuri, na sina hata kipande cha ushahidi. Nilimwomba mama ile karatasi. Amekataa. Anasema imeandikwa mstari wa tano.