Kamba ya Nguo

Mwanangu wa kwanza amerefuka, na balaa lote limeanzia hapo. Tulikuwa tunakaa Magomeni, chumba na sebule. Mtoto analala kwenye kochi, na tangu likizo ya Desemba miguu yake ilikuwa imevuka mkono wa kochi, inaning'inia kwenye njia ya chooni. Siku moja saa nane usiku nikajigonga na nyayo gizani, nikasema, "Samahani, mzee." Kumbe naongea na mtu wa darasa la sita.

Mama watoto akaamua tuhame. Akanikalisha chini, akahesabu kwa vidole: usafiri, shule, usalama. Vidole vitatu tu. Mimi nilikuwa na kidole changu cha nne, kodi, lakini kila nikikiinua ananitazama, nakikunja.

Tukampata dalali. Dalali wa Dar ana vipimo vyake vya umbali. "Dakika tano kutoka barabarani, bosi wangu." Kweli ni dakika tano, ila za bodaboda, tena mteremko. Na kabla hujaona hata bati unatoa hela ya kuonyeshwa. Ukiipenda nyumba, yeye anachukua kodi ya mwezi mmoja, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa hiyo nyumba ya laki mbili inakutaka uje na milioni moja na laki nne, na hapo hujanunua pazia.

Tukaanza na Kigamboni. Upepo mwanana, watoto wanacheza njiani bila hofu ya gari. Nikaipenda. Jumatatu nikafanya mazoezi ya safari. Posta unaiona ng'ambo ile pale, ungekuwa na manati ungepiga dirisha la ofisi yangu. Lakini kwanza uisubiri pantoni ije, iteme watu, imeze wengine, na wewe usiwe wa mwisho getini. Daraja lipo tangu 2016, mita 680, zuri kweli, ila limekaa upande wa Kurasini, ukishalivuka unasalimiana na malori ya bandarini. Nilifika kazini saa tatu. Bosi hakuniuliza neno. Alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akairudia saa.

Gongo la Mboto nikapata elimu nyingine. Nimesimama kituoni, daladala zinapita zimejaa, konda anakupungia kama mnaagana. Mzee mmoja akanihurumia. "Kijana, hapa huondoki. Panda linalokwenda mwisho wa gari, ugeuze nalo." Yaani ili niende Posta, kwanza nianze safari ya Chanika. Nauli mara mbili, siti moja. Nikageuza. Nilikaa dirishani kama mbunge, nikawa nawatazama wale pale kituoni waliokuwa wenzangu nusu saa iliyopita, na roho haikuniuma hata kidogo.

Tabata nyumba ilikuwa nzuri, basi la shule linapita mlangoni. Linapita saa ngapi? Saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Shule yenyewe ipo mtaa wa pili, ila basi lazima kwanza lizunguke nusu ya Ilala kukusanya wengine. Niliamka kulishuhudia: watoto wamelala, mapaji ya uso yamegandana na vioo, mmoja ameshika chupa ya uji kwa mikono miwili kama usukani. Nalipa ada mtoto akalale kwenye basi, wakati kochi la bure lipo?

Nikasema basi shule ya serikali, haina ada, na unakwenda kwa mguu. Nikachungulia dirishani. Utaratibu ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Nikaanza kuhesabu vichwa, nilipofika 90 mwalimu akatoka nje: "Baba, umepotelewa na mtoto gani?" Nikajibu bado sijampoteza, nilikuwa nafikiria.

Usalama ndio mama watoto alikuwa na sayansi yake. Haulizi watu, maana hakuna mtu atakayekwambia mtaa wake una vibaka. Anatazama madirisha. Mtaa ambao hata kitundu cha choo kimewekwa nondo, anageuka hapohapo, hela ya dalali imekwenda. Kipimo cha pili ni kamba ya nguo. "Mtaa ambao nguo zinalala nje," akasema, "ndio mtaa wa kulea watoto."

Basi tukaenda Goba saa tatu usiku, kuchunguza. Jamani! Kamba zimejaa. Mashuka, sare za shule, jinzi mpya kabisa, zote zinapunga upepo gizani. Mama watoto alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu send-off. Mimi nikataja magari mawili, la kwanza mpaka Makumbusho, la pili mpaka Posta. Hakunisikia. Shule ipo, madarasa yake sikuhesabu tena. Nikalipa miezi sita.

Usiku wa kwanza, saa sita, nasikia ndoo zinagongana. Mtaa mzima uko macho. Natoka, naambiwa maji ya mgao ndiyo yametoka, na yanakatika alfajiri. Ndiyo maana watu wanafua usiku! Mama watoto akanitazama kama mimi ndiye niliyechora mabomba. Tukajaza madumu, tukafua, nikaanika suruali yangu ya kazini, ya kijivu, nikaibana kwa vibanio viwili, nikaenda kulala.

Alfajiri kamba ipo. Vibanio vipo, vyote viwili. Mashuka ya jirani yapo, sare za watoto wake zipo.

Nikamwendea, nimevaa kikoi, gari la Makumbusho linanipita hivihivi. "Jirani, za asubuhi. Mbona imekwenda yangu peke yake?"

Akashangaa kwa dhati. "Kwani hukuikalia?" Akanionyesha kigoda chini ya mwembe, kando yake tochi na thermos ya kahawa. "Sisi nguo tunazilinda, baba. Kwa zamu."

Zamu yangu ni Jumanne na Ijumaa.