Ripoti Aprili, mjadala Novemba

Mnasema ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, imewekwa mezani bungeni Dodoma ila mjadala usubiri Novemba. Haya, tumezoea. Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka CAG akague hesabu, amkabidhi Rais, kisha ripoti iende bungeni. Kisha kamati mbili za Bunge zinazichambua: PAC wanapitia za wizara na mashirika, LAAC za halmashauri. Lakini Aprili mpaka Novemba ni miezi saba, jamani! Ofisa masuuli (mwenye dhamana ya fedha za ofisi) aliyetajwa kwenye ripoti keshahamishwa kituo au yuko kwake anakula kiinua mgongo, na zile hati za malipo zilizokuwa "hazionekani" zinaibuka ghafla, nyeupe pee kama zimetoka kuchapwa jana.

Mimi bado nakumbuka 2019. Profesa Assad, CAG wa wakati huo, alikuwa amesema tu kwamba ripoti zikitolewa na hatua hazichukuliwi, huo ni udhaifu wa Bunge. Januari akaitwa kwenye Kamati ya Maadili, Aprili Bunge likaazimia kutofanya kazi naye, Novemba kiti kikapata mtu mwingine. Aliyeonyesha kidonda ndiye aliyetibiwa.

Kijijini kwetu kuna boma la zahanati limeishia kwenye lenta, ndani mmeota mipapai na sasa inazaa. Kwenye makaratasi limeezekwa zamani. Ukiuliza, jibu ni "lipo kwenye mchakato". Kwa hiyo mheshimiwa wetu, Novemba usitupotezee muda na pongezi dakika tatu nzima. Uliza mabati yako wapi.