Muziki wa gari: pesa ya kwanza iende kwenye skrini, sabufa au milango?

Gari ndogo nyingi zinazozunguka Tabora mjini, kuanzia IST hadi Probox na Noah, zimetoka Japani zikiwa zimeshatumika. Redio ya kiwandani inakamata FM ya megahezi 76 hadi 90, au 95 kwa matoleo ya karibuni, wakati stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo mwenye gari huanza kusaka muziki mapema, na ushauri anaopewa huwa wa aina mbili. Kuna wanaosema ng'oa redio, funga ya skrini, kisha nyuma weka sabufa kubwa. Wengine wanasema pesa ianzie kwenye spika za milango ya mbele. Sisi tuko na hao wa pili, ila hoja za wa kwanza si za kupuuza.

Hoja yao kubwa ni hiyo FM. Anayebaki na redio ya Kijapani hulazimika kufunga ekspanda, kile kiboksi kinachoshusha masafa. Kikishusha kwa 15, stesheni ya 100.5 utaikuta kwenye 85.5. Lakini kwa redio inayoishia 90, chochote kilicho juu ya 105 hukipati. Ekspanda za bei rahisi pia hudhoofisha mawimbi, ukaanza kusikia mikwaruzo hata kabla hujaenda mbali na mji. Redio ya skrini inamaliza tatizo hilo na kukuongezea Bluetooth, flashi na kamera ya nyuma. Kwa dereva wa Noah anayebeba abiria kutwa nzima, kupokea simu bila kuishika ni salama zaidi kuliko kuishika.

Tatizo ni kwamba redio ya kawaida isiyo na skrini, yenye Bluetooth na tundu la flashi, inafanya karibu yote hayo kwa bei ya chini sana. Na nguvu inayotoka haitofautiani. Zote huandikwa wati 50 mara nne, lakini kwa muziki mfululizo kila spika inapata kama 15 hadi 20 tu. Skrini haiongezi hata wati moja. Kama kamera huihitaji, hiyo tofauti ya bei ni spika nzima.

Redio yoyote utakayochagua, usikubali soketi ya Toyota ikatwe. Nunua waya wa kuunganishia wenye soketi zake. Waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu ni wa swichi. Ukibadilishwa mmoja na mwingine, redio inasahau stesheni kila ukizima gari. Mafundi wengine huzifunga zote mbili pamoja kwenye umeme wa kudumu, na asubuhi betri haina kitu. Halafu kuna ule wa bluu. Gari nyingi zenye antena kwenye kioo cha nyuma zina kikuza mawimbi kinachohitaji volti 12 kupitia waya huo. Ukiachwa unaning'inia, redio mpya itakamata vibaya na lawama itaiangukia redio bure.

Kuhusu sabufa, wanaoitetea wana haki kwa jambo moja: barabara ya vumbi ina ngurumo, na ngurumo hiyo humeza besi kwanza. Lakini boksi la inchi 12 linakula buti, na Probox inayobeba magunia haina nafasi ya kuchezea. Tena soma fyuzi ya amplifaya kabla ya kusoma maandishi ya kwenye boksi. Iliyoandikwa wati 2000 huku ina fyuzi ya ampia 30 inajisema yenyewe: 30 mara volti 13.8 ni wati 414 zinazoingia, na hata ikiwa ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, zinazotoka ni kama 350 tu. Anayetaka besi bila kupoteza buti atafute sabufa nyembamba ya chini ya kiti, inchi 8, yenye amplifaya yake ndani. Hiyo tunaikubali, ila kama hatua ya pili.

Ya kwanza ni milango. Spika za kiwandani mara nyingi ni karatasi nyepesi, na baada ya miaka kumi na zaidi kingo zake zimekauka. Pima tundu kabla ya kununua. Toyota nyingi huchukua inchi 6.5. Usidanganywe na "wati 300". Tazama desibeli, yaani sauti inayotoka kwa wati moja, ziwe 90 au zaidi, kwa sababu kila desibeli 3 pungufu zinadai nguvu mara mbili kwa sauti ileile, na redio yako haina nguvu hiyo.

Ufungaji ndio unaoharibu spika nzuri. Spika inahitaji pete ya plastiki ngumu kati yake na bati, na sponji kuzunguka ukingo ili hewa ya nyuma isivujie mbele na kufuta besi. Pete ya mbao laini isiyopakwa rangi hufura, maana maji ya mvua hupita ndani ya mlango kila inaponyesha. Ile nailoni ya ndani ya mlango iliyogandishwa kwa gundi nyeusi irudishwe ilipokuwa. Ikitupwa, mvua za Novemba zitakuonyesha zulia limelowa, na vumbi la kiangazi litajaa kwenye spika. Kisha hakiki chanya na hasi kwa betri ndogo ya volti 1.5: gusisha chanya kwa chanya, utando uchomoze nje. Spika moja ikigeuzwa, besi inapotea na sauti ya mwimbaji inaelea bila mahali pa kukaa.

Kwa bajeti ya mafungu kumi, tungetoa manne kwa spika za mbele na pete zake, matatu kwa redio ya kawaida, mawili kwa waya na vibandiko vya kuzuia mtetemo wa bati, na moja kwa fundi. Spika za nyuma zisubiri.

Ukifika kwenye amplifaya, kwangua waya kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Alumini iliyopakwa shaba ni nyeupe, haipitishi umeme vizuri kama shaba kwa unene uleule, kwa hiyo inapata moto. Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka betri, na waya upite kwenye mpira pale unapotoboa bati la injini, la sivyo mtetemo utauchubua na gari linaweza kushika moto.

Kabla hujamlipa fundi, washa injini, weka sauti chini, kanyaga mafuta taratibu. Ukisikia mluzi unaopanda na injini, mara nyingi ni ethi mbovu, yaani waya unaofungwa kwenye bati la gari: ifunguliwe, rangi ikwanguliwe hadi bati ling'ae, waya ufupishwe, na bolti ikazwe upya.