Maharagwe ya poka

Jumapili moja umeme ulikatika hapa Himbi, mjini Goma, kabla ya saa kumi na mbili jioni, nami nikajifanya mwalimu wa poka. Tulikuwa wanne: mimi, shemeji, kijana wake wa chuo, na jirani, mzee aliyekuwa dereva wa lori. Pesa hatukucheza. Kila mtu alihesabiwa maharagwe makavu 100, na dau la lazima, wanaloweka wawili kabla ya karata kugawiwa, lilikuwa 1 na 2.

Karata mbili za mkononi zinaweza kukujia kwa namna 1,326, na nyingi ni za kutupa. Mimi sikutupa hata mara moja. Napewa 7 na 2 za rangi tofauti, mbovu kuliko zote, nalipa 2 nione tatu za kwanza za mezani, zinazotumiwa na wote. Shemeji akipandisha hadi 8, namfuata, ati kwa kuwa 2 yangu yameshaingia. Yakishaingia katikati si yako tena, lakini nenda kauambie moyo! Mshumaa wa pili ulinikuta na 54.

Nikaamua kutisha watu. Mezani zilikuwa kopa nne, na mwenye ya tano mkononi anapiga jozi yoyote; mimi sina hata moja. Nikasukuma 30. Shemeji akatupa, kijana akatupa. Mzee akanifuata na jozi ya 6, akihesabu harage moja moja.

"Papa, hukuziona kopa nne?"

"Miwani iko nyumbani," akajibu, akikusanya yake na yangu.

Mchezo uliofuata nilikuwa na kopa mbili mkononi, mbili mezani. Katikati mna 12, shemeji akaongeza 12. Kulipa 12 upate 24 kunataka ushinde walau mara moja katika tatu. Kopa zilizobaki ni 9 katika karata 47 nisizoziona: karata inayofuata ingeniletea kopa chini ya mara moja katika tano. Hesabu hiyo naijua hata usingizini. Ila nilishajiambia kwamba kopa zina deni langu tangu ile ya miwani. Ikaja uru. Nikamalizia yangu ya mwisho, ikaja pau.

Mfuko wa maharagwe ulikuwa mtupu. Jikoni, kwenye beseni, mama watoto alikuwa ameloweka ya chakula cha usiku kabla hajaenda korali. Nikachota 40.

Maharagwe mekundu yaliyolowa hutoa rangi, na karata zetu zilikuwa za karatasi. Asi ya shupaza ilipopita mkononi mwangu, ikabaki na alama ya kidole gumba mgongoni, nyekundu, imevimba. Sikuiona. Wenzangu waliiona.

Kidogo nikapata asi mbili, jozi bora kuliko zote, kitu kinachokuja kwa wastani mara moja katika 221, tena nikiwa nafasi ya mgawaji, anayesema mwisho karata za mezani zikishafunguliwa. Nikapandisha hadi 8, uso mkavu kama jiwe la volkano. Watatu wakautazama mgongo wa karata yangu, wakatupa zao wote: mmoja kabla yangu, wawili baada yangu. Nikavuna dau la lazima: maharagwe 3.

Mama watoto akaingia na Biblia mkononi. Akatazama meza iliyolowa, akatazama beseni.

"Shemeji, wewe umeshinda ngapi?"

"Kama 150 hivi, dada."

"Na huyu?"

"Ya haki? Matatu."

Akapika, akapakua. Bugali nilipewa wa kutosha. Pembeni nikayahesabu, halafu nikayahesabu tena kwa mwanga wa simu. Hakukosea hata moja.