London: gari la ndui lilitangulia, la mvunjika mguu likasubiri

Mwanzoni mwa karne ya 20, mgonjwa wa ndui jijini London alifuatwa nyumbani kwa gari la farasi lenye kitanda na muuguzi, kwa gharama ya umma. Fundi mwashi aliyeanguka kutoka juu ya jengo alimsubiri polisi na machela ya magurudumu, ya kusukuma kwa mkono, yenye mikanda ya ngozi, ileile iliyobeba walevi kwenda kituoni. La sivyo alikalishwa kwenye gari la kukodi. Aliyewahi kumwingiza kwenye teksi mtu aliyevunjika paja anajua maana yake: mfupa ambao haujatoboa ngozi unaweza kuitoboa njiani.

Kwa nini wawili hawa walitendewa tofauti hivyo? Metropolitan Asylums Board, bodi ya umma iliyoendesha hospitali za magonjwa ya kuambukiza, ilianza kujenga vituo vya magari ya wagonjwa miaka ya 1880, na ilikuwa hata na boti za mvuke Mto Thames. Mwenye ndui aliwatisha majirani. Aliyevunjika mguu hakumtisha mtu, na naamini hapo ndipo fedha za umma zilipokwamia.

Hata hivyo, waliosita kuanzisha huduma mpya ya magari ya ajali walikuwa na hoja. St John Ambulance ilikuwa ikifundisha huduma ya kwanza tangu 1877, kwa kujitolea. Kwa nini mlipa kodi abebe mzigo mwingine? Na magari ya bodi yapo, farasi wapo, kwa nini yasitumike? Hoja hii ya pili ina uzito. Lakini mtoto aliyeungua utamlazaje kwenye kitanda kilichotoka kubeba mwenye dondakoo? Kusafisha gari kuna muda wake, na anayevuja damu hana muda huo. Ya kujitolea naikubali nusu: moyo wa kujitolea ni mkubwa, ila hauwezi kukuhakikishia kwamba saa nane usiku mtu atapokea simu.

Mwaka 1907 polisi wa City, kitovu cha biashara cha London, walianza kutumia gari la wagonjwa la umeme, lililoitwa kutoka visanduku vya simu barabarani. Waliotaka huduma mpya na waliosita, kila upande uliona ushahidi wake hapo. City ni kama maili moja ya mraba. Eneo la London County Council, baraza lililoongoza London nzima, lilikuwa na maili za mraba zipatazo 117 na watu milioni 4.5. Betri za wakati ule zisingeweza kulihudumia eneo lote hilo. Kisanduku cha simu kingeweza, na kwangu hilo ndilo somo kubwa kuliko gari lenyewe.

Sheria ya 1909 iliiruhusu County Council kuanzisha huduma ya ajali. Iliruhusu tu, haikulazimisha, na miaka sita ikapotea. Huduma ilipoanza 1915 iliwekwa chini ya zimamoto. Naona ulikuwa uamuzi wa busara: simu, vituo na zamu za usiku tayari walikuwa navyo. Mwezi Mei mwaka huohuo mabomu ya Zeppelin, ndege-puto kubwa za Wajerumani, yakaanza kuangukia jiji, na wanaume wengi wakiwa vitani, wanawake ndio walioshika usukani.

Magari ya maambukizi yalibaki kwa bodi hadi 1930, ilipovunjwa na kazi yake kuhamia County Council. Ndipo mwenye ndui na mwenye mguu uliovunjika wakawa chini ya mamlaka moja.