Mtoto hasemi, anayesemwa ni mama

Mtoto wa dada yangu ana miaka 5 sasa na akitaka maji haombi. Anakuja anakushika mkono, anakuvuta mpaka jikoni, anauweka mkono wako juu ya mfuniko wa ndoo, basi. Hata usoni hakuangalii, yaani mkono wako ni kifaa tu cha kufungulia ndoo. Zamani tulikuwa tunacheka, bibi yake anasema huyu bosi huyu, kumbe pale ndo palitakiwa patushtue.

Sisi tulikuwa bize kuhesabu maneno. Mwaka na nusu hajasema mama, miaka miwili kimya, na kila mtu ana lake, mara muacheni hata baba yake alichelewa, mara ana udata chini ya ulimi akakatwe, na kweli akapelekwa akakatwa, akalia siku mbili nzima na maneno hayakuja. Kidole hakuna aliyekiangalia. Mtoto wa mwaka na kidogo akiona ndege inapita juu ananyoosha kidole halafu anakugeukia aone kama na wewe umeiona, sasa wa kwetu hicho kitu hakuwahi kukifanya hata siku moja. Ukimwita jina hageuki, tukasema masikio, lakini chana pakiti ya biskuti chumba cha pili uone, kashafika. Sasa hasikii vipi huyo?

Ni usonji, ile wanaita autism. Tumekuja kuambiwa akiwa na miaka 3 na nusu, tushazunguka weee. Kuna maswali mepesi kabisa ya kumuuliza mzazi kuanzia mtoto ana miezi 16, ananyoosha kidole? akiitwa anageuka? Hayapimi ugonjwa, yanakwambia tu huyu aangaliwe zaidi. Hatukuulizwa na mtu.

Ila kinachoniuma mimi ni dada anavyosemwa. Eti anapenda kazi sana, eti kamwachia mtoto dada wa kazi na katuni, eti ujauzito alimcheka mtu, na upande wa mume wao wameshafunga kesi, kwenye ukoo wetu haya mambo hayapo. Na msidhani ni ushamba wetu tu, hata Marekani walipita humohumo. Daktari Leo Kanner aliandika kuhusu watoto 11 wa hivi mwaka 1943, humo humo akagusia wazazi wenye roho baridi, na miaka mingi baadae mama wa mtoto kama huyu alikuwa anaitwa mama friji, yaani ubaridi wake ndo umemharibu mtoto!! Mpaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambae mwenyewe alikuwa na mtoto wa hivyo, akatoa kitabu kupinga, kwamba hili jambo lipo kwenye ubongo, halitoki kwenye malezi. Siku hizi inajulikana kurithi kunachangia sana, kwa hiyo wakwe wapunguze sauti kidogo maana mtoto ana damu za pande mbili.

Ya kwamba chanjo ndo inaleta usonji siyataki kabisa. Ule utafiti wa daktari Wakefield wa Uingereza wa 1998, ulioanzisha maneno hayo, ulikuwa na watoto 12 tu, jarida likaufuta 2010 na yeye akafutwa udaktari mwaka huohuo, lakini kwenye magrupu ya WhatsApp bado unatembea kama umetoka jana.

Siku moja tulipanda nae daladala, muziki juu, konda anagonga bodi, honi, mtoto kaziba masikio anajipigapiga kichwani analia. Kuna mama nyuma akasema "mchape huyo, mnamdekeza." Dada hakujibu, akashuka vituo vitatu kabla ya kwetu tukatembea kwenye jua. Mimi nilitaka nirudi nikamjibu. Kumwambia nini sasa, we mama kelele ambazo wewe huzisikii tena yeye zinamuingia kama msumari? Gari lishaondoka.

Sa hivi mtoto anafundishwa kuomba kwa picha, hajasema bado na huenda asiseme, sijui na siwezi kumuuzia dada matumaini kama wale wanaouza dawa za kutoa usonji. Ila wiki iliyopita alichukua picha ya kikombe akampelekea bibi yake, akampa mkononi, na akamwangalia. Sekunde moja hivi. Bibi kalia mpaka maji akasahau kuyaleta.

Picha ya biskuti tumeificha, maana tangu siku hiyo alikuwa anaileta kila dakika tano.