Land Rover 109 Yangu Imerudi Barabarani na Injini Yake Mwenyewe

Siku hizi ukiambiwa kuna Land Rover ya zamani imefufuliwa, nenda kafungue boneti kwanza. Mara nyingi utakuta injini ya Toyota imekalishwa juu ya vyuma vilivyochomelewa juzi. Nje rangi inang'aa, matairi mapana, ringi za kisasa, watu wanapiga picha. Kwangu mimi hapo hakuna kilichofufuka. Kuna gari jingine lililovaa ganda la marehemu.

Simsemi dereva anayepandisha mizigo Newala kila siku. Yule anatafuta riziki, spea za Toyota zipo kila duka, na afunge injini inayomlisha. Nasema na sisi tunaotoa akiba zetu kulirudisha gari kwa mapenzi tu. Sisi hatuna sababu ya kung'oa moyo wake.

Yangu ni 109, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, pikapu, toleo la Series IIA la miaka ya 1960. Taa za mbele zimekaa katikati, ubavuni mwa rejeta. Mwishoni mwa miaka hiyo ndipo zilipohamishiwa kwenye madigadi. Nimeirudishia kijani chake kilichokolea na ringi za rangi ya maziwa. Chini ya kioo cha mbele kuna vifuniko viwili vya kuingiza upepo, na kwa joto la Mtwara sijaona kiyoyozi kinachonipa raha kama ile. Injini ni ile ile ya petroli, lita 2.25, silinda 4. Silinda zimechongwa upya, pistoni na ringi zake ni mpya, kabureta imesafishwa hadi tundu la mwisho. Betri ikilala, nachomeka hendeli mbele ya bampa, nazungusha, inawaka.

Kazi kubwa ilikuwa kutu. Watu hudhani Land Rover haishikwi na kutu kwa kuwa bodi yake ni aluminiamu. Ni kweli kuhusu bodi: gari hili lilipooneshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, lakini aluminiamu ilipatikana, ndiyo maana kampuni ya Rover ikaitumia. Chesisi, hata hivyo, ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na kebini ni chuma pia. Nami naishi Shangani, hapa Mtwara, upepo wa bahari unaingia hadi kabatini. Chesisi ile ni boksi lenye uwazi ndani, kwa hiyo kutu huanzia ndani ikala kuja nje. Unapita na nyundo, ngo, ngo, ngo, kisha unafika mahali sauti inakuwa butu. Hapo pameoza, hata kama rangi ya juu ni nzima. Tena palipogusana chuma na aluminiamu, maji ya chumvi yakikaa katikati, aluminiamu ndiyo inayoliwa na kugeuka unga mweupe.

Fundi wangu wa bodi, mzee wa Chikongola, alikataa kabisa puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi. "Mwanangu," aliniambia, "puti inaficha kutu, haiiondoi." Kwa hiyo kila palipooza palikatwa, kikachomelewa kipande cha bati nene, kikapigwa msasa na prima. Kila chuma kinapokutana na aluminiamu tumepaka rangi na kuweka ukanda wa mpira. Ndani ya chesisi tumemimina oili nzito. Na ribiti zote zimepigwa kwa mpangilio ule ule wa kiwandani, hakuna bolti ya kubabaisha hata moja. Naomba mtu akija kuitazama aangalie ribiti kabla ya rangi, maana ndipo mzee yule alipomaliza macho yake.

Kwa nini nahangaika hivi na injini ya zamani? Kwa sababu Kusini imeishi kwa magari haya. Reli ya Mtwara kwenda Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ilifungwa 1962. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Kabla yake Rufiji ilivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakishika, Dar es Salaam ilikuwa mbali kweli kweli. Miaka yote hiyo, aliyetaka kufika alihitaji gari linaloingia kwenye tope na mchanga likatoka. Nikipita Mikindani, wazee wanageuza shingo kabla hawajaliona. Wanaijua sauti: injini inavyonguruma taratibu na gia boksi inavyolia kwa juu. Ukifunga injini nyingine, sauti ile imekufa, na kumbukumbu yao pia.

Oktoba 2024 Arusha ilikusanya Land Rover kwa mamia kwenye tamasha lake, nami nilifurahi kwelikweli. Lakini historia inayosimuliwa kule ni ya utalii na wanyama. Yetu ya karanga, korosho na barabara zilizokatika ni nyingine, na magari yake yanaishia kwenye mizani ya chuma chakavu.

Wengi wananiomba niipeleke Msimbati, kwa kuwa mchanga wa ufukwe ule unabeba gari. Sitaipeleka. Chumvi nimeipiga vita vya kutosha. Twende kwenye miinuko ya Newala: unavuta nyuma kirungu chekundu cha gia, magurudumu yote manne yanashika, gari linapanda polepole bila papara. Usukani ni mzito na breki zinataka mguu wa kweli, lakini kila kinachofanyika chini unakihisi mikononi.

Kama una 109 iliyokaa nyuma ya nyumba, iwe Masasi, Lindi au Nachingwea, usiiite ya mizani kwanza. Ingia kebini utafute kibati chenye namba ya chesisi, kisafishe, uiandike. Kama injini ipo, usiiuze peke yake hata ukipewa bei nzuri. Spea zake bado zinatengenezwa Uingereza na zinaagizwa kwa simu tu. Na ukiwa Mtwara, karibu Shangani. Haiuzwi, lakini nitakufungulia boneti.